Lupasi: Kinga Inapogeuka Moto



Wasomaji watukufu, wiki hii tumekusudia kuyazungumzia maradhi ambayo jina lake ni geni masikioni mwa wengi wetu, lakini yenyewe yamo majumbani mwetu na aghalabu hayatambuliwi. Ni maradhi yaitwayo lupasi. Katika kila wagonjwa 10, takriban 9 ni wanawake, na wengi wao hushikwa wakiwa katika umri wa kuolewa, kuzaa na kulea. Kwa sababu hiyo madhara yake hayaishii katika mwili wa mgonjwa. Huingia katika ndoa, katika malezi ya watoto, na katika heshima ya mwanamke mbele ya wakwe na majirani.

Tazameni namna yanavyoanza. Mwanamke aliyekuwa mchangamfu huanza kuamka na uchovu kana kwamba hakulala. Vidole vyake hukakamaa asubuhi, hata kukanda unga wa chapati au kukamua nguo kukamshinda. Homa humjia na kumwondoka. Nywele hubaki katika chanuo. Vidonda hutokea kinywani, hasa juu katika kaakaa. Mashavuni na juu ya pua hutanda baka mfano wa kipepeo aliyekunjua mbawa. Katika ngozi nyeupe huwa jekundu, na katika ngozi nyeusi na ya maji ya kunde huweza kuwa la zambarau au jeusi kuliko ngozi yenyewe. Watu wakiliona husema amejichubua kwa mkorogo. Hupelekwa zahanati akatibiwa malaria, kisha taifodi, kisha malaria tena. Dawa zisipofaa, maneno huanza: mama mkwe husema binti huyu ni mvivu, shangazi husema ana jini, na mume huanza kuuliza kama alifichwa ugonjwa alipokuwa akiposa.

Sisi ambao huitwa katika vikao vya suluhu tumeyasikia maneno haya mara nyingi. Ndiyo maana tumeona ni wajibu kueleza, kwa kadiri elimu ya tiba ilivyofikia, ni kitu gani hasa kinachotendeka ndani ya mwili wa mwanamke huyo. Mwenye kudhani ni mwepesi wa kudhulumu.

Moto wenye manufaa

Kwa Kiarabu, hali ya kiungo kuvimba na kuuma huitwa iltihabu. Neno hilo limetokana na lahabu, yaani mwali wa moto, na kila mtoto aliyepita chuoni analijua kutokana na jina la Abu Lahab. Mwandishi wa Kirumi Celsus, aliyeishi katika karne ya 1, alizitaja alama zake nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Katika makala haya tutaiita hali hiyo mwako.

Mwako kwa asili yake ni rehema. Mtoto akichomwa na mwiba, chembe zilizo mahali pale hutambua kwamba mlango umevunjwa. Hapo hutoa protini ndogo ndogo ziitwazo saitokini, ambazo kazi yake ni kupeleka habari. Wazee wetu walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo; basi saitokini ndizo mbiu za mwili. Zikilia, mishipa hupanuka, damu hujaa mahali pale, na chembe nyeupe hutoka ndani ya mshipa zikaenda kupambana na vijidudu. Wekundu na joto tunalohisi ni dalili ya jeshi lililofika. Adui akishindwa, mbiu nyingine hupigwa ya kuwarudisha askari makwao, uvimbe hushuka na kidonda hupona.

Mojawapo ya mbiu hizo yastahili kutajwa kwa jina, kwani tutairudia. Mwaka 1957, mjini London, Alick Isaacs na Jean Lindenmann waligundua kwamba chembe zikiguswa na virusi hutoa kitu kinachozitahadharisha chembe jirani zijifungie milango. Wakakiita interferoni. Ukiwa na mafua makali, ule mwili kuchoka, viungo kuuma na kutotaka hata kuinua kichwa mtoni, sehemu kubwa ni kazi ya interferoni na mbiu wenzake. Mwili wakulazimisha ulale ili nguvu zote ziende vitani.

Katika lupasi mbiu hiyo hulia pasipo na adui, na haikomi. Kwa nini? Jawabu lake hutupeleka katika jambo la ajabu, nalo ni namna seli za mwili zinavyokufa.

Kufa kwa utaratibu na kufa kwa ghasia

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa seli, na kila siku mabilioni ya seli hizo hufa na nyingine kuchukua nafasi zake. Seli za utando wa matumbo hudumu siku chache tu. Chembe nyeupe nyingi za damu hazimalizi juma. Kifo hiki hakitokani na ugonjwa. Bila ya kifo hicho hapana siha. Mkono wa mtoto tumboni mwa mama huanza mfano wa kasia, vidole vikiwa vimeshikana kwa ngozi. Kisha seli zilizo baina ya vidole huamrishwa kufa, zikafa, na vidole vikaachana. Kila mama aliyehesabu vidole vya mwanawe siku ya kwanza aliona matunda ya vifo hivyo.

Mwaka 1972 wataalamu watatu, John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, walikieleza kifo hiki cha utaratibu na kukipa jina la Kigiriki, apoptosisi, lenye maana ya kupukutika, kama majani yanavyopukutika mtini. Baadaye Sydney Brenner, Robert Horvitz na John Sulston walichunguza mnyoo mdogo mno, mrefu kiasi cha milimita moja. Waliona kwamba katika kukua kwake huumbwa seli 1,090, na kati ya hizo 131 hufa, si pungufu wala si zaidi, kila moja kwa wakati wake. Kwa kazi hiyo walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2002. Ilibainika kwamba amri ya kufa imeandikwa ndani ya seli yenyewe, na ya kwetu imefanana sana na ya mnyoo yule.

Sasa tuangalie kinachofuata baada ya kifo, na hapa twaomba mtuvumilie kwa mfano tutakaoupiga. Sote twajua adabu ya maziko. Maiti hasubirishwi, huoshwa, huvishwa sanda, husaliwa, na kabla jua halijazama huwa yuko kaburini. Apoptosisi ina adabu kama hiyo. Seli inayokufa hujikunja, huyakatakata yaliyomo ndani yake, na kuyafunga katika vifurushi vidogo vilivyofunikwa vyema. Juu ya ngozi yake hudhihirisha mafuta maalumu ambayo kwa kawaida hukaa upande wa ndani, na hiyo ndiyo alama ya kusema: mimi nimekufa, niondoeni. Chembe kubwa zilizao, ziitwazo makrofaji, huja zikavimeza vifurushi hivyo kimya kimya. Hapana mbiu inayolia. Tena makrofaji huyo, akisha kumeza, hutoa ishara za kutuliza.

Ama kifo cha aina ya pili ni cha ghasia. Seli iliyoungua, iliyokosa hewa au iliyopasuliwa na kijidudu hupasuka, na yaliyomo yote humwagika nje, ikiwemo DNA, ambayo mahali pake ni ndani ya kiini tu. Kinga ikiiona DNA imezagaa nje hufahamu kuna maafa, na mbiu hulia. Kuna hata chembe nyeupe ambazo hujipasua kwa makusudi. Mwaka 2004 watafiti wa Ujerumani walieleza namna chembe hizo zinavyotupa DNA yao wenyewe nje mfano wa mvuvi atupaye wavu, ili zivinase vijidudu. Ni silaha kali, na wavu usipokusanywa baada ya kazi huwanasa wenyeji.

Maziko yanapochelewa

Katika lupasi, utaratibu wa maziko huharibika. Seli hufa kama kawaida, pengine zaidi ya kawaida, lakini waondoaji hawatoshi au ni wazito. Vifurushi hukaa muda mrefu, sanda huchanika, na yaliyositiriwa huonekana.

Alama ya jambo hili ilionekana zamani kabla ya kufahamika maana yake. Mwaka 1948, katika kliniki ya Mayo nchini Marekani, daktari Malcolm Hargraves na wenzake walitazama majimaji ya uboho wa wagonjwa wa lupasi kwa darubini, wakaona chembe nyeupe iliyomeza kiini kizima cha seli nyingine iliyokufa. Kwa miaka mingi chembe hiyo ilitumiwa kama kipimo cha maradhi haya. Ushahidi mwingine ni wa kurithi. Katika damu yetu mna protini iitwayo C1q, ambayo mojawapo ya kazi zake ni kuzitia alama seli zilizokufa ili ziondolewe upesi. Watu wachache mno duniani huzaliwa bila ya protini hiyo, na walio wengi kati yao hupata lupasi.

Kiini cha seli kikikaa wazi, kinga hukichunguza kana kwamba ni mgeni. Hutengeneza kingamwili dhidi yake, yaani zile protini ambazo kwa kawaida hushika vijidudu. Kingamwili hushikamana na DNA iliyozagaa, wakawa kitu kimoja, na mashada hayo huelea katika damu mpaka yakwame mahali penye vichujio vyembamba. Kichujio kikuu cha mwili ni figo, na ndiyo sababu figo huumia kwa wagonjwa wengi wa lupasi. Mashada mengine huingia ndani ya chembe za kinga na kuamsha vitambuzi vilivyowekwa humo kwa ajili ya virusi. Chembe hudhani imevamiwa na virusi, ikapiga mbiu ya interferoni. Interferoni nayo huamsha chembe nyingine zaidi, zikatengenezwa kingamwili zaidi, seli zaidi zikafa, na DNA zaidi ikazagaa. Gurudumu likisha kuzunguka hivyo, hujisukuma lenyewe.

Mwaka 2022 kundi la watafiti, akiwemo Carola Vinuesa, lilieleza habari ya msichana mmoja wa Uhispania aliyeshikwa na lupasi tangu utotoni. Walikuta herufi moja tu imebadilika katika jeni ya kitambuzi kiitwacho TLR7, kikawa chepesi kupita kiasi kusema kuna virusi. Jeni hiyo imo katika kromosomu ya X, ambayo wanawake wana mbili na wanaume moja. Wataalamu waona hiyo ni mojawapo ya sababu za maradhi haya kuwaelemea wanawake, pamoja na athari za homoni. Kadhalika huwashika watu wenye asili ya Afrika zaidi kuliko Wazungu, na kwa ukali zaidi.

Tukisha kulifahamu hili, mengi yaliyokuwa fumbo hufumbuka. Kwa nini jua humdhuru mgonjwa? Kwa sababu mionzi ya jua huua seli za ngozi, na seli nyingi zikifa kwa pamoja mahali ambapo maziko ni mazito, mwako huzuka; wengine hushikwa na homa na maumivu siku chache baada ya kukaa juani. Kwa nini mwanamke huyu huchoka hata akilala saa 10? Kwa sababu damu yake imejaa mbiu zile zile zinazomlaza mtu mwenye mafua makali, ila yeye mafua yake hayaishi kwa wiki. Mwenye kumwita mvivu na ajiulize yeye angepika na kufua vipi akiwa katika homa ya miezi minane.

Jambo la kaswende

Katika kikao kimoja tulichoketi, shutuma ilikuwa nzito kuliko uvivu. Binti alikuwa mjamzito, akapimwa damu, akaambiwa ana kaswende. Mume, aliyejijua kuwa yeye hana, alihama nyumba na kutaja talaka, na wazazi wa binti hawakuwa na uso wa kumtazama mtu. Kipimo cha pili, cha aina nyingine, kilionyesha kwamba hana kaswende kabisa. Uchunguzi uliofuata ulionyesha ana lupasi.

Twaomba kila familia ilifahamu hili. Kipimo cha kaswende kiitwacho VDRL hakimtafuti kijidudu mwenyewe. Hutafuta kingamwili dhidi ya aina fulani ya mafuta ya mwilini. Baadhi ya wagonjwa wa lupasi hutengeneza kingamwili za namna hiyo bila ya kuwa na kaswende, na kipimo kikasema ndiyo mahali pa hapana. Kipo kipimo kingine kinachotafuta kingamwili dhidi ya kijidudu chenyewe, na hicho ndicho cha kuthibitisha. Tena kingamwili hizo za mafuta huifanya damu igande kwa wepesi, na huweza kuwa sababu ya mimba kuharibika mara kwa mara. Mwanamke aliyepoteza mimba mfululizo anastahili kupimwa kwa jambo hili kabla ya kutajiwa kijicho au hasadi ya mke mwenza. Sheria yetu imelikamia vikali jambo la kumsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi. Basi tusilifanye karatasi moja ya maabara kuwa ushahidi wa kuvunja nyumba.

Dawa na matumaini

Wasomaji walio na umri kama wetu wanaikumbuka klorokwini, ile dawa ya malaria iliyokuwa chungu kama shubiri na iliyomfanya mtu ajikune usiku kucha. Ndugu yake aitwaye hidroksiklorokwini ndiye leo nguzo ya tiba ya lupasi. Huingia katika vile vyumba vya ndani ya chembe ambamo vitambuzi vya virusi hukaa, akavifanya visiamke ovyo. Hafanyi kazi kwa siku moja. Huchukua wiki nyingi, hata miezi, na mgonjwa akimwacha kwa sababu amepata nafuu, maradhi aghalabu hurudi. Dawa hii ikitumiwa miaka mingi huweza kuathiri macho, na kwa hivyo macho hupimwa mwanzoni, kisha kila mwaka baada ya miaka mitano, au mapema zaidi kwa wenye maradhi ya figo.

Mwako ukiwa mkali hutumiwa prednisoloni, ambayo huzima moto upesi. Huvimbisha uso na kuongeza uzito, na wanawake wengi huichukia kwa hayo. Lakini aliyeitumia kwa muda asiikate ghafla, kwani mwili huwa umekwisha kuacha kutengeneza homoni yake mwenyewe ya namna hiyo, na kuikata ni hatari ya kufisha. Huteremshwa pole pole kwa amri ya daktari. Figo zikiguswa, zipo dawa nyingine za kuituliza kinga, na kila moja ina masharti yake.

Dawa mpya zimetokana na elimu tuliyoieleza. Mwaka 2011 Marekani iliidhinisha belimumabu, inayopunguza chembe za kutengeneza kingamwili, na mwaka 2021 ikaidhinisha anifrolumabu, inayoziba sikio la chembe lisiisikie interferoni. Mjini Erlangen, Ujerumani, madaktari wamechukua chembe za kinga za wagonjwa wenyewe, wakazifundisha kuziua chembe zinazotengeneza kingamwili potofu, na mwaka 2022 wakatangaza kwamba wagonjwa wao 5 wa mwanzo walipata nafuu iliyowawezesha kuacha dawa. Matibabu hayo ni ya bei kubwa mno na bado hayajatufikia. Twayataja ili mgonjwa ajue kwamba ulimwengu haujamsahau. Katika miaka ya 1950 takriban nusu ya wagonjwa walifariki ndani ya miaka michache. Leo, penye matibabu kamili, zaidi ya 9 kati ya 10 huvuka miaka mitano, na wengi huishi hadi kuwaona wajukuu.

Mimba, funga na tiba za nyumbani

Mwanamke mwenye lupasi huolewa, na huzaa. Ushauri wa madaktari ni kwamba ashike mimba baada ya maradhi kutulia kwa muda wa miezi 6 hivi, na amwone daktari kabla, kwani baadhi ya dawa humdhuru mtoto tumboni na hubadilishwa mapema. Hidroksiklorokwini haiachwi, huendelezwa katika mimba na katika kunyonyesha. Kliniki ahudhurie zaidi kuliko wengine, kwa sababu presha ya mimba huwashika wagonjwa hawa kwa wingi. Hata njia za kupanga uzazi asizichague dukani, kwani vidonge vingine huongeza hatari ya damu kuganda. Na mume ajue kwamba maradhi haya hayaambukizi kwa tendo la ndoa, wala kwa sahani, wala kwa pumzi.

Kuhusu funga, mgonjwa ambaye funga yamdhuru amepewa ruhusa ya kula, na ruhusa hiyo ni sadaka ya Mola wake isiyofaa kukataliwa. Wapo ambao maradhi yao yametulia na madaktari huwaruhusu wafunge kwa kupanga dawa baina ya futari na daku. Wapo ambao figo zao hazistahimili kiu. Daktari ndiye wa kusema ni yupi kati ya hao, kisha mwanachuoni ataeleza kama ni kadha au fidia.

Dua na kisomo ni silaha ya muumini, nasi ni wa kwanza kuwasomea wagonjwa. Lakini kisomo hakizuii hospitali. Tumewaona waliomaliza mwaka mzima wakinywa kombe na kuchezewa ngoma za kupunga, na figo zikiharibika kimya kimya, kwani figo hazipigi kelele. Kuumika nako kuna hatari kwa baadhi yao, kwa kuwa lupasi huweza kupunguza chembe za kugandisha damu. Asiumikwe kabla ya kupima. Na zile dawa zinazouzwa kwa sifa ya kuongeza kinga, mwenye lupasi azikae mbali. Kinga yake imezidi ukali, na kumwongezea ni kumwaga mafuta ya taa jikoni.

Nasaha kwa jamaa

Akiwapo nyumbani mwanamke au msichana mwenye uchovu usiokwisha, maumivu ya viungo kwa zaidi ya wiki sita, baka usoni linalozidi kwa jua, vidonda vya kinywa, nywele kukatika, na homa ambayo kipimo cha malaria hakikuionyesha, apelekwe kwa daktari na aambiwe wazi: twaomba utazame kama ni lupasi. Huanza kwa kipimo cha damu kiitwacho ANA. Kipimo hicho kikiwa hakina kitu, lupasi huwa mbali sana. Kikiwa na kitu, bado si hukumu, kwani hata wazima huonekana nacho, na daktari hukiunganisha na dalili na vipimo vingine. Mkojo upimwe vile vile, kila anapokwenda kliniki. Mkojo wenye povu jingi, miguu na macho kuvimba, kifua kuuma mtu avutapo pumzi, degedege, au kuchanganyikiwa kwa ghafla ni mambo ya kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo. Huyo anayesema maneno yasiyoeleweka huenda si jini aliyempanda; huenda ni mwako uliofika kwenye ubongo, nao una tiba.

Jua na aliepuke baina ya saa 4 asubuhi na saa 10 alasiri kila awezapo. Buibui humfaa, lakini uso na viganja hubaki wazi, basi apake mafuta ya kukinga jua na achukue mwavuli bila ya kuona haya. Kwa kujisitiri huko huenda akapungukiwa na vitamini D, na daktari atamwongezea.

Enyi waume, mgawanyo wa kazi za nyumba si aya iliyoteremshwa. Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, alikuwa akishona nguo yake na kuwahudumia watu wa nyumbani kwake. Mke akiwa katika siku za mwako, ndoo ya maji ibebeni ninyi, na watoto wapelekeni chuoni ninyi. Enyi mama wakwe, binti huyu ni amana aliyowakabidhi mama mwenziwenu. Siku atakapoamka na nguvu atafanya, na siku zisipokuwapo msimhesabie. Na wewe mgonjwa unayeusoma ukurasa huu, usiifiche karatasi yako ya dawa chini ya godoro kwa kuogopa kuachwa. Mwambie mwenzio, enda naye kliniki, na mwombe daktari amweleze kwa lugha anayoifahamu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na atuepushe na kudhulumu kwa ujinga. Amin.

Wabillahi tawfiq.